Jinsi ya kuweka menyu za lugha yenu kwenye simu za ofisi za intaneti, mwongozo kamili

Simu za mezani za siku hizi, zile zinazochomekwa kwenye waya wa mtandao badala ya waya wa simu wa zamani, zinakuja na menyu ya Kiingereza na wengi tunaziacha hivyo hivyo miaka nenda rudi. Alafu mtu wa mapokezi anataka kumhamishia bosi simu ya mteja, anaangalia chini ya kioo anakuta "Trnsfer", "Confrn", "EndCall", anabonyeza kwa kubahatisha na mteja anakatika. Nimeshuhudia hii mara nyingi sana na kila mara analaumiwa yule wa mapokezi, wakati alichoshindwa ni kusoma neno lililokatwa katwa la lugha ambayo haongei. Kazi ya kurekebisha ni ya siku moja mbili tu, kwa hiyo ntaeleza yote hapa.

Kabla hujagusa kitu elewa kwanza kwamba lugha kwenye simu ya ofisi imekaa sehemu tatu. Kuna maandishi ya kwenye kioo, yaani menyu na majina ya vitufe. Kuna sauti inayoongea, ile ya una ujumbe mpya au namba unayopiga haipatikani, na hiyo haitoki kwenye simu kabisa, inatoka kwenye seva, yaani kompyuta kuu inayoongoza simu za ofisi. Alafu kuna milio, mlio wa ukinyanyua mkono wa simu na ule wa namba iko bize, ambayo inatofautiana nchi na nchi. Ukibadilisha moja zile mbili hazibadiliki, ndo maana mtu anaweka lugha kwenye simu vizuri kabisa, anapiga voismeili inamjibu Kiingereza, anadhani ameharibu. Hujaharibu. Tunaanza na maandishi maana ndo kazi kubwa, sauti na milio ntazifikia mwishoni.

HATUA YA 1: Jua simu inamtii nani

Chukua simu moja tu ya majaribio, usianze na ya bosi. Andika modeli yake (iko chini ya simu au mgongoni), toleo la famuwea yaani programu inayoiendesha, na anwani yake ya IP, yaani namba yake kwenye mtandao. Kwenye Yealink unabonyeza kitufe cha OK simu ikiwa imetulia, vyote vinatokea hapo hapo, kwenye simu nyingine tafuta menyu ya "Status" au "Phone Information". Hiyo IP iandike kwenye brauza ya kompyuta iliyo kwenye mtandao huo huo na ukurasa wa simu utafunguka, kama hawajaufunga.

Sasa swali kubwa: hii simu inajitegemea au inaongozwa na seva? Simu nyingi za ofisi kila zikiwaka zinauliza mtandao "seva yangu iko wapi", zinapewa jibu kupitia DHCP, yaani huduma inayogawa anwani kwenye mtandao, option 66 kwa simu nyingi na 150 kwa Cisco, alafu zinaenda kuvuta faili la setingi huko. Kama simu yako ni ya aina hiyo, hata ubadilishe lugha kwa mkono mara kumi ikizimwa na kuwashwa inaweza kurudi ilikotoka kwa sababu faili la seva linaandika juu ya ulichoweka. Namna ya kujua ni rahisi tu, badilisha kitu kidogo kwa mkono, mfano mlio wa kuita, zima simu iwashe, angalia kama kimebaki. Kikifutika basi bosi wa simu ni seva na kazi yako yote ifanyie huko.

Na kabla hujaendelea fanya mambo mawili ambayo watu wanaruka. Moja, chukua bakapu ya setingi, kurasa za simu nyingi zina sehemu ya "Export" au "Backup". Pili, andika kwenye karatasi njia ya kufika kwenye lugha kwa kuhesabu mibonyezo, sio kwa maneno. Yaani "Menyu, chini mara nne, OK, chini mara moja, OK". Kwa sababu siku simu itakapoingia kwenye lugha ambayo hakuna anayeisoma hapo ofisini, maneno hayatakusaidia, mibonyezo itakusaidia.

HATUA YA 2: Kwa simu moja moja

Hapa hakuna mengi. Ingia Menyu, tafuta "Settings" au "Basic Settings", alafu "Language", chagua, hifadhi. Au kupitia brauza, kwenye Grandstream setingi ya lugha iko upande wa Preferences. Kama lugha yenu ipo kwenye orodha na ofisi ina simu tano, fanya hivyo kwa zote na maisha yaendelee. Kama ziko hamsini, au lugha haipo kwenye orodha, endelea kusoma.

HATUA YA 3: Kwa simu nyingi kupitia seva

Kila kampuni ina mtindo wake ila wazo ni moja: kuna faili la tafsiri linalokaa kwenye seva na kuna mstari kwenye setingi unaoiambia simu "vuta faili lile, tumia lugha ile". Ukishalishika hilo hata simu ambayo sijaitaja hapa utaiweza.

Yealink ndo rahisi kuliko zote kwa maoni yangu. Kwenye faili la setingi, liwe la pamoja au lile la simu moja linaloitwa kwa namba ya MAC (namba ya kipekee ya kila kifaa), unaongeza mistari hii:

gui_lang.url = http://192.168.10.25/lugha/012.GUI.Kiswahili.lang
lang.gui = Kiswahili

Mstari wa kwanza unaileta lugha, wa pili unaiwasha. Watu wengi wanaweka wa kwanza peke yake alafu wanashangaa kioo hakibadiliki. Jina la faili lazima lifuate mtindo huo huo, namba, GUI, jina la lugha, na namba isigongane na za lugha zilizokuja na simu. Ukurasa wa kwenye brauza una lugha yake tofauti, wui_lang.url na lang.wui, huo mi nauacha Kiingereza na sababu ntaisema baadae.

Polycom inatumia folda inayoitwa SoundPointIPLocalization kwenye seva, ndani yake kila lugha ina folda lake lenye jina la mtindo wa Lugha_Nchi na faili la SoundPointIP-dictionary.xml. Kwenye setingi unaandika lcl.ml.lang="German_Germany" kwa mfano, na ili mtumiaji aione kwenye menyu lazima iwepo pia kwenye orodha ya lcl.ml.lang.menu. Kuongeza lugha mpya unakopi folda mojawapo, unalipa jina jipya, unatafsiri faili la ndani.

Snom inataka hivi kwenye faili lake la XML:

<gui-languages>
<language url="http://192.168.10.25/lugha/gui_lang_SW.xml" name="Kiswahili"/>
</gui-languages>

alafu setingi yenyewe ya language uiwekee jina lile lile ulilolitaja kwenye name, herufi kwa herufi.

Grandstream lugha inaongozwa na setingi yenye namba P1362, kwa hiyo mstari mmoja kwenye faili la setingi unatosha kama lugha ipo tayari.

Cisco ndo inaumiza watu vichwa kwa hiyo hapa tutakaa kidogo. Kwanza jua una Cisco ya aina gani kwa sababu ziko za dunia tofauti. Zile za ofisi ndogo, SPA na zile zinazoitwa Multiplatform, zinajiendesha karibu kama Yealink. Unaingia kwenye brauza kama admini, sehemu ya Voice, alafu Regional, unashuka mpaka kwenye lugha, unakuta "Dictionary Server Script", hapo unaandika kitu kama

serv=http://192.168.10.25/lugha/;d1=Kiswahili;x1=sw.xml;

na chini yake kwenye "Language Selection" unaandika Kiswahili, vile vile ulivyoandika kwenye d1. Ukikosea herufi moja simu inabaki Kiingereza na haikwambii kitu.

Zile za kampuni kubwa zinazoongozwa na Unified Communications Manager, ile seva ya simu ya Cisco, ni habari nyingine. Huko lugha inakuja kama kifurushi, faili lenye jina la mtindo wa cm-locale, alafu lugha na nchi, alafu toleo, na mwisho wake ni .cop.sgn, au .cop.sha512 kwenye matoleo mapya. Unapakua kifurushi cha toleo linaloendana na seva yako, hili ni la lazima, cha toleo kubwa tofauti hakifai. Unaingia Cisco Unified OS Administration, Software Upgrades, Install/Upgrade, unaelekeza kwenye seva ya SFTP (ya kuhamishia mafaili) ulipoweka faili, unaanza na ile seva kuu ya Publisher alafu Subscriber, yaani seva zinazoifuata, moja moja, zote, usiache hata moja kwa sababu simu iliyosajiliwa kwenye seva uliyoiruka italeta maajabu. Ukimaliza restati seva, kwa hiyo panga usiku au siku ofisi imefungwa na uwaambie watu mapema.

Baada ya hapo lugha inatokea kwenye orodha ya "User Locale". Unaweza kuiweka kwa simu moja kwenye ukurasa wa simu yenyewe, au kwa kundi kwenye Device Pool, au kwa ofisi nzima kwenye Enterprise Parameters. Iliyo karibu na simu ndo inashinda, yaani ukiweka Kifaransa kwenye simu na Kireno kwenye kundi, simu itakuwa Kifaransa. Weka kwenye kundi, simu yenyewe iachie "None", utajishukuru siku ya kuhamisha watu vitengo. Alafu kama ofisi inatumia ule mtindo wa mtu ku-login kwenye simu yoyote na namba yake inamfuata, basi profaili yake nayo ina User Locale yake, na mtu wa lugha tofauti akiingia simu inaweza kujizima na kuwaka upya ili ibadilishe lugha, wasishtuke.

Na mkiapdeti seva kwenda toleo jipya, kifurushi cha lugha nacho kitafutwe kipya. Hii ndo sababu namba moja ya lugha kupotea ghafla ofisini baada ya mwaka na kila mtu anabaki kuuliza nani kaigusa simu. Kuna na hali nyingine inafanana nayo, famuwea ya simu ikiwa mpya kuliko kifurushi cha lugha unaona nusu ya menyu iko lugha yenu na nusu Kiingereza, kwa sababu maneno mapya hayapo kwenye kifurushi. Dawa ni apdeti ya lugha, usirudishe simu nyuma.

Mkitumia ruta ya Cisco yenye CallManager Express, yaani programu ya kuongoza simu iliyo ndani ya ruta, lugha ambayo haimo mnaipa kodi ya U1 mpaka U5 kwa amri ya user-locale ndani ya telephony-service, na lazima iwe imewekwa cnf-file perphone, alafu create cnf-files, alafu reset. Ukisahau create cnf-files ruta inaendelea kugawa mafaili ya zamani.

HATUA YA 4: Lugha haipo? Tafsiri wenyewe

Hapa ndo penye raha na ndo panaharibiwa sana. Faili la tafsiri la simu ni maandishi tu, kushoto neno la asili, kulia tafsiri, au kwenye XML kuna lebo na ndani yake neno. Unatafsiri kulia tu. Kushoto usiguse hata nukta, hapo ndo simu inapotafutia.

Lifungue na programu ya kuandikia maandishi matupu kama Notepad++, sio Word, Word inapinda alama za nukuu na simu inalikataa faili zima. Hifadhi kwa UTF-8 isiyo na BOM (alama iliyofichwa mwanzoni mwa faili), unaichagua kwenye menyu ya Encoding. Kiswahili kina bahati kwamba herufi zake zote zipo kwenye kila simu, kinachosumbua ni ile alama ya ng' peke yake, tumia ile iliyonyooka ya kwenye kibodi, iliyopinda kwenye vioo vingine inatokea kijisanduku. Lugha yenu ikiwa na herufi zenye alama juu au chini, jaribu kwanza kwa kuandika herufi zote kwenye neno moja uone kioo kinaonyesha nini kabla hujatafsiri maneno mia tano bure. Na kwenye XML alama ya & peke yake ni sumu, iandike &amp;.

Utakuta vitu kama %s na %d katikati ya sentensi. Hizo ni nafasi za jina au idadi, ziache kama zilivyo, idadi ile ile na mpangilio ule ule. Sasa angalia mtego wake kwa Kiswahili. Kiingereza kinasema "%d Missed Call(s)" na kimemaliza, wewe ukiandika "Simu %d hazikupokelewa" ikiingia simu moja kioo kinasema "Simu 1 hazikupokelewa", kibaya. Mi naandika "Zisizopokelewa: %d" na namba ikae peke yake mwishoni, hapo mtu anaisoma kama orodha na haimkeri iwe moja au kumi.

Mtego mwingine ni neno lenyewe la simu. Kwetu simu ni kile kifaa na simu ni yale mazungumzo yanayoingia, ukitafsiri bila kufikiri utapata menyu yenye "Simu", "Simu", na "Setingi za simu" na hakuna anayejua ipi ni ipi. Kifaa kiite "Kifaa" au "Simu hii", na mazungumzo yaite kwa kitendo: Zilizoingia, Zilizopigwa, Zisizopokelewa.

Vitufe vya chini ya kioo vina nafasi ndogo sana, kwenye simu za kioo kidogo neno refu linakatwa katikati na unarudi kule kule kwenye "Trnsfer" ya lugha yako. Tumia kitenzi kifupi cha amri. Hamisha. Kata. Pokea. Subirisha. Piga tena. Elekeza. Kwa ile ya kuzima sauti yako mteja asisikie, "Nyamazisha" ni ndefu, "Zima maiki" inaeleweka kwa kila mtu, au "Maiki" peke yake kama nafasi haitoshi. Usitafute maneno ya kamusi ambayo hayajawahi kutamkwa ofisini, angalia simu za mkononi za watu zinasemaje kwa lugha hiyo, Mipangilio ni Mipangilio, wameshaizoea.

Usitafsiri yote. Anza na yale yanayoonekana simu ikiita, ikiwa hewani, na kwenye kitabu cha majina. Menyu za admini, mambo ya VLAN na SIP na usajili, ziache Kiingereza makusudi, kwa sababu siku ya tatizo fundi atakuwa ameshika maelekezo ya Kiingereza mkononi na akikuta "Mtandao pepe wa ndani" atapoteza nusu saa.

Ukimaliza usijijaribie mwenyewe, wewe unajua kitufe kiko wapi hata macho yakiwa yamefumbwa. Muite yule wa mapokezi, mpigie, mwambie "nihamishie kwa fulani", alafu nyamaza uangalie vidole vyake. Akisita sehemu, neno la hapo libadilishe.

HATUA YA 5: Ikigoma

Kwanza angalia logi ya seva, sio simu. Simu ikiwaka lazima ionekane inaomba faili. Kama inatumia TFTP, njia rahisi ya kuvuta mafaili kwenye mtandao, na seva ni ya Linux, amri ya tcpdump -n port 69 inakuonyesha jina kamili la faili linaloombwa. Hapo unagundua moja kati ya haya: simu haiombi kabisa, basi mstari wa setingi haujasomwa au DHCP inaielekeza kwingine. Au inaomba na seva inajibu "File not found", basi jina limekosewa, na kumbuka kwenye Linux Kiswahili na kiswahili ni mafaili mawili tofauti. Au inaomba, faili lipo, na halifiki, hapo mara nyingi ni fayawoli, maana TFTP inaanza na pota ya 69 alafu data yenyewe inapita pota nyingine na fayawoli inaizuia. Mkiweza tumieni HTTP badala ya TFTP, shida nyingi zinaisha. Kwa HTTPS angalia saa ya simu, saa ikiwa ya miaka ya nyuma cheti kinakataliwa na simu haisemi sababu.

Kama faili limefika na kioo bado Kiingereza, basi lina kosa ndani. Lifungue XML kwenye brauza, itakuonyesha mstari wenye kosa. Kama sio XML, katisha faili nusu, jaribu, endelea kukata mpaka umpate mkorofi.

HATUA YA 6: Milio na sauti

Milio iweke ya nchi mliyopo, kwenye Cisco ni "Network Locale", kwenye Snom ni tone_scheme, kwenye Asterisk, ile programu ya seva ya simu, ni faili la indications.conf. Haina uhusiano na lugha, ofisi inaweza kuwa na menyu za lugha tatu na milio ikawa ya nchi moja.

Sauti, kama seva yenu ni Asterisk, zinakaa kwenye /var/lib/asterisk/sounds/ na kila lugha ina folda lake, kwa Kiswahili ni sw. Unarekodi mafaili yenye majina yale yale ya Kiingereza, wav ya 8000 Hz mono ya biti 16, alafu kwenye pjsip.conf kwa kila namba unaweka language=sw. Faili ambalo hujarekodi itachezwa lile la lugha ya msingi, kwa hiyo unaweza kwenda kidogo kidogo. Mtu mmoja arekodi yote, chumba kimoja, siku moja, sauti mbili tofauti ndani ya sentensi moja zinachukiza masikio.

Ila namba ndo zinahitaji macho yako. Kwa lugha isiyoijua Asterisk inaunga namba kwa mpangilio wa Kiingereza, kwa hiyo 21 inakuwa "ishirini moja" bila ile na, na 200 inakuwa "mbili mia", kinyume kabisa. Kurekodi upya hakusaidii maana shida ni mpangilio. Inabidi uandike kanuni za lugha yenu kwenye say.conf na utumie Playback yenye chaguo la say, au ukwepe namba kabisa, voismeili iseme "una ujumbe mpya" bila kutaja mingapi. Ukishaweka piga mwenyewe usikilize 21 na 200, alafu 1,121, hizo zikitamkwa sawa nyingine nyingi zitafuata.